Nyumba ya Kiamunyi iliyopakwa rangi mpya: ni dalili zipi zinifanye nisite kununua?

Mwalimu wa Njoro

Hamjambo wenzangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na pamoja na mke wangu tumeweka akiba katika chama cha ushirika kwa miaka 14 ili siku moja tuachane na kulipa kodi ya nyumba. Wiki iliyopita dalali alitupeleka kuona nyumba ya vyumba vitatu vya kulala upande wa Kiamunyi, hapa Nakuru, iliyojengwa kwenye kiwanja cha thumuni ya ekari, ambayo inauzwa kwa shilingi milioni 6.8. Nyumba yenyewe inapendeza. Imepakwa rangi ndani na nje, vigae vya sakafuni vinang'aa, na mabati yake ni ya rangi ya kahawia ambayo mke wangu aliipenda hata kabla hatujashuka garini.

Hata hivyo, tangu turudi nimekuwa nikikosa usingizi. Sebule ilinuka rangi mbichi ilhali vyumba vingine havikunuka chochote. Katika chumba cha nyuma kuna kabati kubwa lililosimamishwa mahali linapoziba nusu ya dirisha, na nilipouliza kwa nini halikuwekwa upande wa pili, dalali alinishika mkono akatuongoza jikoni. Tulifika saa nane mchana jua likiwaka, tukakaa kama dakika 20, na kila nilipotaka kuinama kutazama kitu nilikumbushwa kwamba yuko mnunuzi mwingine kutoka Nairobi ambaye ataleta malipo ya kwanza siku ya Ijumaa. Mwenye nyumba hatujamwona. Tumeambiwa kwamba nyumba ni ya familia na kwamba kijana mmoja wa familia hiyo ndiye anayesimamia mauzo. Hatimiliki nimeonyeshwa picha yake kwenye simu.

Sina ujuzi wa ujenzi wala wa sheria. Ninaomba wenye uzoefu wanieleze ni mambo yapi yanayopaswa kunifanya nirudi nyuma, na yapi ni kasoro za kawaida ambazo mtu huzirekebisha akahamia. Hii ni akiba yetu yote, na sitapata miaka mingine 14 ya kuikusanya.

Fundi wa Lanet

Mwalimu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kutoa pesa. Nimefanya uashi na kusimamia ujenzi hapa Nakuru tangu 1989, na siku hizi watu wengi hunichukua niwatazamie nyumba kabla hawajanunua. Nikisoma maelezo yako, lililonishtua zaidi ni hilo kabati. Mtu hawezi kuziba dirisha lake mwenyewe kwa kabati isipokuwa kama kiambaza kilicho nyuma yake kina jambo asilotaka lionekane.

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza muuguzi mmoja kuona nyumba upande wa magharibi wa mji. Sebuleni palikuwa na picha kubwa ya maporomoko ya maji iliyotundikwa chini kuliko kawaida, karibu usawa wa kiuno. Niliomba ruhusa nikaitoa. Nyuma yake palikuwa na mstari wa lipu mpya, mweupe kuliko ukuta, uliopanda kwa ngazi kutoka pembe ya dirisha kuelekea kwenye kenchi za paa ukifuata viungo vya mawe. Nilipitisha ncha ya bisibisi taratibu, na ile lipu ikamwagika kama unga wa mahindi. Penseli yangu iliingia ndani hadi nusu yake. Tulipotoka nje tukatazama ukuta uleule kwa upande wa pili, tukauona ufa ule ukishuka hadi kwenye msingi na kupotea ardhini. Yule dada hakuinunua nyumba ile, na ninamshukuru Mungu kwamba hakuinunua.

Nikuambie jinsi ya kutofautisha nyufa. Nyufa nyembamba kama unywele zinazotapakaa kwenye lipu bila mpangilio, kama ramani, mara nyingi zinatokana na lipu kukauka upesi mno, na hizo huzibwa kabla ya kupaka rangi. Ufa unaopaswa kukutia wasiwasi ni ule unaoanza kwenye pembe ya mlango au dirisha ukaenda kwa mshazari, hasa ukiwa mpana zaidi upande mmoja kuliko mwingine, au ule unaoonekana ndani na nje ya ukuta mahali palepale, au ule ambao upande wake mmoja umetokeza mbele ya mwingine ukipapasa kwa kidole. Ukizidi milimita 5, usikubali kuambiwa kwamba ni lipu tu. Kuna pia ule unaosimama wima pale chumba cha zamani kinapoungana na chumba kilichoongezwa baadaye. Huo hutokea kwa sababu misingi miwili haikufungwa pamoja, na kila mmoja unashuka kwa wakati wake.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito kuliko katika miji mingine. Nakuru imekaa katika Bonde la Ufa, kati ya volkano ya Menengai na Ziwa Nakuru, juu ya majivu ya volkano na ardhi iliyopasuliwa na nyufa za kale zilizofukiwa. Mvua kubwa ikinyesha, maji hupenya humo na kuyachukua majivu chini kwa chini, hadi siku ardhi ya juu inapodidimia ghafla. Wengi wenu mnakumbuka lile bonde lililofunguka Machi 2018 upande wa Suswa likaikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Ndani ya mji wetu pia kuna sehemu ambazo wazee watakuonyesha mahali shimo lilipofunguka na kufukiwa kwa taka na mawe, kisha kiwanja kikauzwa. Kwa hiyo, usiishie kuikagua nyumba peke yake. Tembea mita 100 kila upande, uangalie kama kuna mstari wa mashimo, ua ulioinama, au barabara inayotitia mahali pamoja kila mwaka, na umuulize mtu aliyeishi hapo zaidi ya miaka 20.

Ukirudi ndani ya nyumba, beba gololi. Iweke katikati ya kila chumba na uitazame inakoelekea. Sakafu nyingi zina mteremko kidogo, lakini gololi ikikimbilia pembe ileile katika vyumba vinavyopakana, slabu imeshuka upande huo. Funga na ufungue kila mlango na kila dirisha. Mlango uliorandwa upya sehemu ya juu unakuonyesha kwamba fremu yake imepinda, na fremu haipindi bila sababu. Gonga vigae kwa kifundo cha kidole. Kigae kimoja au viwili vinavyolia utupu si kitu, lakini safu nzima ikilia hivyo, kuna jambo chini yake.

Kuhusu sebule inayonuka rangi mbichi, tazama kwenye dari juu ya ukuta uliopakwa, hasa karibu na pembe. Maji yanayovuja huacha duara la kahawia ambalo rangi ya kawaida hailifichi kwa muda mrefu. Baada ya wiki chache hujitokeza tena. Omba ngazi na upande ndani ya dari ukiwa na tochi. Huko juu hakuna anayepaka rangi, kwa hiyo utayaona yote: kenchi zilizoliwa na mchwa, misumari iliyoshika kutu, na mwanga wa jua unaopenya kwenye matundu ya mabati. Chini, karibu na sakafu, papasa ukuta kwa kiganja. Ukiona unga mweupe kama chumvi, au lipu imevimba na kujitenga hadi usawa wa goti, basi maji yanapanda kutoka ardhini kwa sababu karatasi ya nailoni haikuwekwa chini ya slabu au imetoboka. Tatizo hilo linarekebishika, lakini kwa gharama ambayo ni lazima ipunguzwe kwenye bei.

Mambo ya mabomba na stima nitayagusa kwa ufupi. Fungua mifereji yote kwa wakati mmoja na uvute maji ya choo huku ikitiririka. Uone kama nguvu ya maji inaisha na kama maji machafu yanarudi juu bafuni. Ulizia shimo la septiki liko wapi, na kama hakuna anayejua, hiyo yenyewe ni dalili. Nyasi zilizo kijani kibichi na zenye urefu mahali pamoja tu wakati wa kiangazi huonyesha mahali linapovuja. Kwa stima, mwite fundi mwenye leseni apime kama kuna waya wa ardhini, na uulize mita imesajiliwa kwa jina la nani, kwa maana deni la zamani huweza kukatwa kwenye tokeni zako.

Mama wa Nyamasaria

Mwalimu, nakusalimu kutoka Kisumu. Fundi ameeleza mengi kuhusu nyumba yenyewe. Mimi nitazungumzia siku na saa ya kwenda kuitazama, kwa sababu hapo ndipo tulipokosea.

Mimi na marehemu mume wangu tulinunua nyumba yetu Januari 2018. Ardhi ilikuwa imekauka hadi imepasuka vipande vipande, kama ilivyo desturi ya udongo mweusi wa huku kwetu, na tukafurahi kwamba uwanja ulikuwa tambarare na mpana, wa kutosha watoto kucheza. Tulikwenda mara mbili, zote mbili mchana wa jua kali. Nakumbuka niliona kwamba choo cha jirani kilijengwa juu sana, na kukifikia ilibidi kupanda ngazi nne. Niliona pia kwamba kila nyumba ya mtaa ule isipokuwa yetu ilikuwa na kizingiti cha saruji mlangoni kilichofika karibu na goti. Macho yangu yaliviona vitu hivyo, lakini sikumuuliza mtu yeyote sababu yake. Aprili ya mwaka huohuo mvua za masika zikaja kwa nguvu, na usiku mmoja tuliamshwa na ndoo iliyokuwa ikielea jikoni na kugonga mlango. Asubuhi maji yalikuwa yamefika kwenye swichi za chini za stima. Tuliwalaza watoto kwa dada yangu kwa wiki tano.

Aliyetuuzia alijua. Jirani wa ngazi nne alituambia baadaye, kwa huruma, kwamba hali ilikuwa hivyohivyo miaka iliyotangulia na kwamba alidhani tumeelezwa. Sisi hatukumuuliza, naye hakutaka kuingilia biashara ya watu.

Kwa hiyo ninakusihi, nenda Kiamunyi mvua inaponyesha au asubuhi baada ya usiku wa mvua. Kama mvua haijaja, tafuta alama zake: mstari wa tope uliokauka kwenye nguzo za ua, takataka za plastiki zilizonasa kwenye waya juu ya usawa wa ardhi, mtaro uliochimbwa na mtu kwa jembe kuzunguka nyumba. Angalia majirani wamejikingaje, kwa maana mtu hatumii saruji yake kujenga kizingiti kirefu bila kuwa amewahi kufurikiwa. Nenda pia jioni, uone wapangaji wanarudi kwa njia gani na kama gari linapita, na kama kuna baa, kiwanda cha kuchomelea vyuma au kinu ambacho saa nane mchana kilikuwa kimefungwa.

Tena, usifikiri kwamba jambo la maji ni la Kisumu na uwanda wa Kano peke yake. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda likafukuza watu Dunga, lakini hata Ziwa Nakuru lilikuwa limepanda tangu 2010 hivi, likafunika lango kuu la zamani la hifadhi na kuingia katika makazi ya Mwariki na Barut. Kiamunyi iko juu, ninajua, lakini maji yanayoteremka kutoka mlimani nayo lazima yapite mahali fulani, na ni muhimu ujue kama ni uwanjani mwako.

Jirani wa Bahati

Naongeza jambo moja ambalo wanunuzi kutoka nje ya Bonde la Ufa hulisahau. Ukiambiwa kwamba nyumba ina maji ya kisima kilichochimbwa, usifurahi mpaka uyapime. Maji mengi ya ardhini huku kwetu yana floraidi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mtoto anayeyanywa meno yake yanapoota hupata madoa ya kahawia yasiyotoka kwa kupiga mswaki. Akiyanywa kwa miaka mingi hata mifupa huathirika. Kuyachemsha hakusaidii, kwa sababu maji hupungua na floraidi hubaki ileile. Watazame watoto waliokulia mtaani humo wanapocheka, kisha upeleke chupa ya maji maabara kabla ya kulipa chochote. Kama floraidi ni nyingi, utahitaji kichujio cha mkaa wa mifupa, maji ya mvua au maji ya bomba kwa kunywa na kupikia, na gharama hizo uziweke katika hesabu yako. Ulizia pia maji ya bomba huja siku ngapi kwa wiki, na usimuulize dalali. Muulize mwenye duka la karibu, kwa maana yeye huuza maji ya mitungi siku mifereji inapokauka.

Wakili wa Ardhi

Mwalimu, nimelisoma swali lako mara mbili, na pamoja na yote aliyosema fundi, mimi ningekuwa na hofu kubwa zaidi juu ya maneno mawili: "nyumba ya familia". Ufa wa ukutani unaweza kukugharimu nusu ya pesa zako. Kasoro katika umiliki inaweza kukugharimu zote, na nyumba uiache nyuma.

Peleka nambari ya kiwanja katika ofisi ya ardhi ili ufanyiwe upekuzi rasmi wa hati, usiridhike na picha ya simu. Kama jina litakaloonekana ni la mzee aliyefariki, hakuna mtoto, mjane wala kaka anayeweza kukuuzia hadi mahakama itoe hati ya usimamizi wa mirathi na kuithibitisha. Sheria ya Urithi ya Kenya inakataza waziwazi kuuzwa kwa ardhi au nyumba ya marehemu kabla ya uthibitisho huo, na anayeshughulika na mali ya marehemu bila mamlaka anatenda kosa la jinai. Kijana huyo anaweza kuwa mwaminifu kabisa na familia yake ikawa imekubaliana mezani, lakini makubaliano ya mezani hayahamishi umiliki, na nimeona mara nyingi dada aliyeolewa mbali akirudi miaka mitatu baadaye na kudai sehemu yake, naye akiwa na haki.

Kama jina ni la mtu aliye hai, basi huyo ndiye unayepaswa kukutana naye ana kwa ana, na kitambulisho chake halisi kilingane na hati. Kama ana mwenzi wa ndoa na nyumba hiyo ni makazi yao, idhini ya maandishi ya mwenzi huyo ni ya lazima. Anayekuambia kwamba mkewe hahitaji kuhusishwa anakuletea kesi.

Sehemu nyingi za Kiamunyi zilikuwa mashamba kabla ya kugawanywa viwanja, kwa hiyo wakili wako achunguze kama ardhi hiyo bado inahesabiwa kuwa ya kilimo. Ikiwa ndivyo, Bodi ya Kudhibiti Ardhi lazima itoe idhini, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Bila idhini hiyo mkataba unabatilika. Chunguza pia kama ile hati ni ya kiwanja chenyewe au ni ya shamba mama ambalo halijagawanywa rasmi. Hapa Nakuru bado kuna watu wanaouza kwa vyeti vya hisa vya kampuni za zamani za kununua ardhi, au kwa barua za ugawaji wa viwanja. Cheti cha hisa si hatimiliki. Barua ya ugawaji nayo, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2023, haimpi mtu umiliki anaoweza kuuhamisha kwa mwingine.

Mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua Aprili 2023, katika kesi ya kiwanja cha Mombasa, kwamba kuwa na hatimiliki mkononi hakutoshi iwapo chanzo chake kinatiliwa shaka. Mwenye hati lazima aonyeshe kwamba kila hatua tangu mwanzo ilifuata sheria. Hii ndiyo sababu ninawashauri wateja wangu wasitosheke na upekuzi wa siku moja, bali waombe historia yote ya kiwanja katika ofisi ya ardhi: nani alisajiliwa kwanza, aliuza lini, kwa nani, na kama kulikuwa na rehani au zuio. Hati iliyobadilisha wamiliki watatu ndani ya mwaka mmoja, au iliyotolewa upya kwa madai kwamba ya kwanza ilipotea, inahitaji maelezo ya kina. Fanya upekuzi mwingine siku chache kabla ya malipo ya mwisho, kwa maana zuio linaweza kuwekwa katikati. Mchukue na mpima ardhi mwenye leseni akuonyeshe bikoni, yaani alama za mipaka, ukilinganisha na ramani ya usajili; nimewahi kushughulikia kesi ambayo jiko na choo cha mnunuzi vilikuwa vimesimama katika kiwanja cha jirani, na mnunuzi alijua hayo jirani alipoanza kujenga ukuta.

Kuhusu pesa, usilipe chochote ili "kushikilia" nyumba. Utaratibu wa kawaida ni asilimia 10 wakati wa kutia saini mkataba wa maandishi, pesa hizo zikishikiliwa na wakili hadi uhamisho ukamilike, na kila upande uwe na wakili wake. Ukiambiwa kwamba wakili wa muuzaji atawahudumia nyote ili kupunguza gharama, kataa kwa adabu. Ukiombwa mwandike bei ya chini katika mkataba ili kupunguza ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani, kataa pia, kwa sababu ni kosa, na tena siku mauzo yakivunjika utarudishiwa kile kilichoandikwa tu. Cheti cha kuonyesha kwamba kodi ya kiwanja ya kaunti imelipwa, pamoja na michoro ya nyumba iliyoidhinishwa na kaunti, ni vitu ambavyo muuzaji wa kweli huvitoa bila kusukumwa.

Na huyo mnunuzi wa Nairobi, mwache alipe Ijumaa kama yupo.

Mwalimu wa Njoro

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kurudi na habari kamili.

Nilikwenda tena Jumamosi asubuhi, baada ya mvua ya Ijumaa usiku, nikiwa na shemeji yangu ambaye ni fundi bomba. Dalali hakufurahi, lakini mlinzi alitufungulia. Ijumaa ilikuwa imepita na hakuna mnunuzi aliyetokea. Tuliomba kulisogeza kabati, tukaambiwa ni zito. Shemeji yangu akalisukuma peke yake. Nyuma yake kuna ufa unaotoka pembe ya dirisha kwa mshazari kwenda chini. Umezibwa kwa saruji, na saruji yenyewe imepasuka tena. Kwa nje upo mahali palepale, ukianzia pale mfereji wa paa unapokatika na kumwaga maji kwenye msingi. Maji ya mvua yalikuwa bado yamesimama hapo, na shemeji alipochomeka fimbo iliingia karibu futi moja bila kuilazimisha. Gololi ilikimbilia pembe hiyo kutoka vyumba viwili. Sebuleni nilipanda ngazi nikaona mabati mawili yaliyoachana, na ubao wa chini yake umelowa.

Mama wa Nyamasaria, nilizungumza na bibi mmoja anayeuza mboga ng'ambo ya barabara. Aliniambia maji hayajai pale, ila aliyepanga nyumba ile mwaka jana alihama akilalamikia dari. Alisema pia kwamba mzee mwenye nyumba alizikwa miaka miwili iliyopita, na kwamba watoto wake ni saba.

Majibu ya upekuzi yametoka leo asubuhi. Kiwanja kiko katika jina la mzee huyo. Hakuna rehani wala zuio, lakini kesi ya mirathi haijafunguliwa. Nilipompigia kijana yule simu alisema kwamba ndugu zake wote wanajua, kisha akaniuliza kama ninaweza kutoa laki mbili za kuanzia ili wazitumie kufungua kesi hiyo. Nilimwambia sitatoa. Nimemwomba anipigie siku mahakama itakapothibitisha hati ya usimamizi na watoto wote saba wa mzee wakiwa tayari kukaa mbele ya wakili, na kwamba hata wakati huo bei itategemea ripoti ya mhandisi kuhusu ile pembe.

Mke wangu alihuzunika kwa siku mbili, na sasa anakubaliana nami. Nina swali moja tu lililobaki kwa Fundi: iwapo watarudi baada ya miezi kadhaa, nitajuaje kama ufa ule umetulia au bado unaendelea?

Fundi wa Lanet

Mwalimu, ikiwa mlinzi atakuruhusu kuingia tena, beba penseli na rula. Piga mstari mfupi unaoukata ufa mahali pawili, juu na chini, andika tarehe na upana kando ya kila mstari, kisha upige picha ukiwa umeweka rula pale pale. Weka pia alama mahali ufa unapoishia. Rudi baada ya mvua za vuli na upime tena kwenye mistari ileile. Kama upana haujabadilika na mwisho wake haujaipita alama, huenda tatizo ni lile la maji ya paa kumwagika kwenye msingi, nalo hutibika kwa kurekebisha mfereji, kuyaelekeza maji mbali na nyumba na kuimarisha ile pembe. Kama umepanuka hata kwa milimita moja au mbili katika msimu mmoja, au mistari ya penseli haikutani tena, usiinunue kwa bei yoyote.

Nitumie picha zote mbili nami nitakutazamia, bila malipo.